Vita vya Chumvini na Asalini, Nilivyovianzisha Mwenyewe

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenijaalia kurudisha funguo za ukumbi nikiwa bado natembea kwa miguu yangu. Ninyi vijana mnaobaki pale mmeniomba niandike kidogo juu ya kazi yetu, ili mtu mpya asianze gizani kama nilivyoanza mimi. Nitaandika. Ila niwieni radhi mapema. Tangu chuoni nimefundishwa kwamba subira ni nusu ya imani, na nusu hiyo niliimaliza yote katika kuiandikia historia nchi ambayo haipo. Mtakayosoma hapa mengi ni manung'uniko.

Vyeo na mishahara siviandiki. Vilikuja vilipokuja, alhamdulillahi, na havina mafunzo yoyote ndani yake.

Nilianza kazi katika ukumbi wa maendeleo hapa Bagamoyo miaka michache baada ya Uhuru. Kabla ya hapo nilikuwa nikimsaidia Maalim Bakari, mwalimu wangu wa Kurani, kusomesha watoto barazani kwake. Siku ya kwanza nilikabidhiwa fagio, kengele ya mkono, na kabati lisilofunga. Kazi ilikuwa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, jioni, baada ya alasiri. Wakaja, wakajifunza, na walipoweza kujisomea barua zao wenyewe wakaacha kuja. Viti vikabaki na popo.

Hapo akaletwa Ndugu Kleopa kuwa mkuu wa ukumbi. Alikuwa kijana wa bara, suruali imenyooshwa, haraka nyingi. Alikuwa ametoka mafunzoni Dar es Salaam, na huko aliokota mchezo. Ni huu mnaoucheza mpaka leo, lakini nitaueleza kwa ajili ya atakayekuja baadaye. Kuna nchi ya kubuni. Kila mchezaji hujitwalia mtu mmoja wa nchi hiyo: mfanyabiashara, askari, mganga, sultani. Msimamizi huwaeleza mambo yanayowafika watu hao, kama njaa, wizi, au jini kisimani. Wachezaji husema watu wao watafanya nini, na pasipo uhakika bahati huamua. Kleopa alisema kwamba watu watajifunza kuongoza nchi kwa kuongoza nchi isiyoweza kuharibika.

Maneno mazuri. Tatizo ni kwamba hakuwajua watu wa hapa.

Jioni ya kwanza walikuja wengi, kwa sababu Kleopa alitangaza kutakuwa na chai. Wa kwanza kupewa mtu alikuwa Bi Tausi, muuza vitumbua karibu na soko, ambaye ulimi wake mnaujua.

"Wewe ni mkuu wa mji wa mlimani," Kleopa akamwambia.

"Kwa mama au kwa baba?"

"Vipi, kwa mama au kwa baba?"

"Ukuu nimeurithi kwa mama au kwa baba? Na huyo mama yangu katoka wapi? Au umeniokota njiani, mwanangu?"

Watu wakacheka. Salum, kinyozi mwenye kiti chake mkabala na ukumbi, naye akainua mkono. "Mimi umeniambia ni tajiri. Ahsante. Sasa huo utajiri nilimdhulumu nani? Maana tajiri asiye na aliyemdhulumu sijapata kumnyoa."

"Tuanze tu," Kleopa akasema. "Historia tutaijua mbele ya safari."

"Mbele!" akasema Bi Tausi. "Mtoto huyu anataka kutuoza leo, posa iletwe kesho."

Hawakuanza. Wakanywa chai wakaenda zao. Kleopa akanigeukia mimi niliyekuwa nikikusanya vikombe, akasema, "Maalim, wewe ni mtu wa hapa. Waandikie historia." Hivyo ndivyo nilivyoipata kazi iliyonila maisha yangu, nikiwa na trei mkononi.

Sikulala vizuri. Mtu aliyesomeshwa dini hawezi kuamka asubuhi akaanza kutunga uwongo kwa saa za serikali bila kuuliza. Nikaenda kwa Maalim Bakari.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Nasikia umeajiriwa uongope."

"Ndilo lililonileta."

Akaweka tasbihi yake pajani. "Hao watakaokusikiliza wanajua kwamba nchi hiyo haipo?"

"Wanajua."

"Basi hiyo ni hikaya. Mwongo ni yule anayekuachia jambo la uwongo ukaenda nalo nyumbani ukiliamini. Wewe ukifungua, sema Paukwa, nao waitikie Pakawa. Hapo mmeshapeana ahadi. Ukimaliza, waambie yameishia pale pale."

"Na dadu? Kleopa ameleta dadu za kuamulia bahati."

"Dadu sizitaki. Na wasiweke kitu."

"Hawaweki kitu, Maalim, ila wakati wao."

"Wakati nao wataulizwa," akasema, "lakini si na mimi."

Basi dadu zikarudi mfukoni mwa Kleopa, nasi tukatumia kokwa za tende ndani ya mfuko wa kanga, nusu nimezipaka wino mweusi. Ukichomoa nyeusi, jambo lako limekwenda upande. Nawausia: zipakeni wino na kuzianika juani siku nzima. Zile za kwanza sikuzikausha, na mwezi mzima wachezaji wote walikuwa na vidole vyeusi, wake zao wakiuliza ukumbini tunafanya nini.

Nchi niliiita Zingarani. Sura yangu ya kwanza ilikuwa na masultani saba mfululizo, kila mmoja na ngome yake na vita vyake. Niliisoma kwa sauti yangu nzuri ya khutba. Bi Tausi alilala. Alipoamka aliuliza swali moja tu: "Hao masultani walikuwa wakila nini?" Sikujua. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na moja juu ya nchi, na sikujua walikuwa wakila nini.

Hilo ni la kwanza la kujifunza. Watu hawaulizi nani alitawala. Wanauliza kisima alikichimba nani, nani alimnyima nani binti yake, na kwa nini mtaa huu hauli pweza. Mtu akishayajua hayo atakaa kitako acheze. Asipoyajua atakunywa chai. La pili ni kwamba mchezaji atakuongezea historia yake mwenyewe ukitaka usitake. Utasema mnara ulijengwa na majini, na Salum atasema, "Majini hao babu yangu aliwauzia chokaa." Mimi nilikuwa na kalamu tatu. Bluu kwa yaliyokubaliwa na wote, nyekundu kwa yanayodaiwa na mmoja, na risasi kwa yale ninayoyajua peke yangu. Mwisho wa kila msimu yaliyoandikwa kwa nyekundu yalikuwa mengi kuliko mengine yote yakikusanywa pamoja. Hii ndiyo Bagamoyo, mtu hawezi kukaa katika nchi ya watu bila kudai kiwanja.

Sasa nimtaje Feruzi.

Feruzi alikuwa akifanya kazi katika mashamba ya chumvi kaskazini mwa mji. Alikuwa mtu mzima, miguu imepasuka kwa maji ya chumvi, maneno machache. Bibi yake aliletwa pwani akiwa mtoto mdogo, enzi zile watu walipokuwa wakiuzwa, na hakubaki mtu wa kusema alitoka wapi. Watu wa namna hiyo mjini kwetu si wachache. Mji wetu una adabu nyingi, na nyingine ni za kunyamaza. Mtu akimwuliza Feruzi, "Wa wapi wewe?" alijibu, "Wa hapa hapa," na muulizaji mwenye adabu aliangalia pembeni.

Jioni moja alibaki nyuma wenzake walipoondoka.

"Maalim, huyo mtu wangu wa mchezoni, utampa babu?"

"Nitampa."

"Wangapi?"

"Unataka wangapi?"

Akafikiri. "Wa kutosha kugombana na watu."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akasema, "Mama yangu alipokufa, jeneza lake lilitoka nyumbani mpaka makaburini hakuna aliyelizuia. Watu walinyamaza njia nzima. Nilikuwa nimelibeba mbele. Nilisikia viatu tu."

Mnaelewa alilosema. Lakini kama atasoma mtu aliyezaliwa mbali, nimweleze. Huku kwetu makabila yaliyopigana zamani yakapatana huwa watani. Mtani ana ruhusa. Atakutukana sokoni, atachukua kuku wako mchana kweupe, nawe huna la kufanya ila kumtukana nawe. Na ukifiwa ndipo utani unapofanya kazi yake. Watani ndio watakaochimba kaburi. Watamwigiza maiti wako alivyokuwa akitembea na kusema, watalizuia jeneza mlangoni wakidai kitu, mpaka wewe mwenye msiba, uliyekuwa ukitaka kufa, ucheke bila kupenda. Sisi wanyoofu wa dini tunakunja uso, kisha tunasubiri zamu yetu. Mtu asiyejulikana kabila lake hana watani. Anazikwa kwa heshima kubwa na kimya kikubwa.

Kwa ajili yake nikaupa mji wa pwani wa Zingarani jina la Chumvini, watu wake wakichemsha chumvi vyunguni, na nikamfanya Feruzi mzee wa mji, mwenye mababu saba waliotajwa kwa majina. Salum naye akawa tajiri wa huko. Mji wa mlimani, wa Bi Tausi, ukawa Asalini, watu wa mizinga ya nyuki. Katikati nikaweka kisima chenye jini, kinachotoa maji matamu kwa anayekisemesha kwa adabu na maji ya bahari kwa mwenye kiburi. Wachezaji wakakipenda. Jioni nzima zilipita watu wazima wakipokezana kukiamkia kisima.

Kisha Kleopa akasema, "Maalim, wamechoka na amani. Weka vita vya zamani, tuvitumie kama mfano wa suluhu."

Nikaweka vita. Wachumvini walikitia chumvi kisima kwa kinyongo, Waasalini wakawashushia nyuki, na Wachumvini wakakimbilia baharini na vyungu vichwani. Halafu jini akawapatanisha kwa masharti: Asalini watoe kibuyu cha asali kila mwaka, Chumvini watoe kibaba cha chumvi. Nikafunga sura kwa maneno niliyokuwa nikiyasikia kwa bibi yangu kila alipomaliza hadithi ya vita: na tangu siku hiyo wakawa watani.

Sentensi moja. Sikuifikiria zaidi ya mtu anavyofikiria kufunga mlango. Mtoto yeyote wa pwani angeweza kuniambia litakalofuata, na mimi ni mtoto wa pwani mwenye mvi.

Asubuhi yake Salum alivuka barabara, akatia mkono katika sinia la Bi Tausi, akachukua vitumbua viwili, akala amesimama.

"We Salum! Umerogwa?"

"Mimi Mchumvini. Nadai asali yangu. Huna asali, nakula kilichopo."

Watu wanasimulia kwamba uso wa Bi Tausi ulifunguka kama dirisha. "Mchumvini! Mwenye chungu kichwani! Si ninyi mliokimbia mpaka samaki wakacheka?" Na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwenda kwenye kiti cha Salum akabeba kioo chake, akamwacha mteja amenyolewa nusu.

Ningelikuwa na akili ningeliugua siku ile. Kwa mwezi mmoja nilikuwa kadhi wa nchi isiyokuwapo. Mtu wa Mlingotini alikuja kushtaki kwamba kuku wake amechukuliwa na Waasalini, na yeye hajawahi kukanyaga ukumbini. Ikaonekana shemeji yake ni Mchumvini. Watu waliokuwa hawachezi wakaanza kuja kuuliza wao ni wa mji gani, kama wanaouliza mgao wa sukari. Mzee mmoja aliteremka kutoka Lugoba kwa shughuli zake, akarudi bila kofia.

Niliwakusanya nikawagombeza. "Mliitikia Pakawa wenyewe! Tukakubaliana yameishia hapa!"

"Vita vimeishia hapa, Maalim," Bi Tausi akasema kwa upole wa kuudhi. "Utani hauishi. Ukishasemwa, umesemwa. Kwani wewe umelelewa wapi?"

Kofia ya mwisho ilikuwa ya afisa aliyekuja kukagua ukumbi. Karani wake alikuwa Mwasalini, basi Salum akahesabu afisa ni wa huko huko. Kleopa aliniita, na kwa mara ya kwanza suruali yake haikuwa imenyooshwa.

"Maalim, utani huu uliuweka wewe. Uutoe. Andika sura mpya, uisome Alhamisi. La sivyo mchezo utafungwa, na ukumbi ukikaa mtupu tena watautafutia kazi ya ghala."

Nilikubali kwa furaha. Sijapata kuandika sura kwa wepesi kama ile. Jini wa kisima alikasirika, akafuta utani wote wa Zingarani, akaamuru miji miwili iwe ndugu wa kawaida, wanaosalimiana na kila mtu akibaki na kuku wake.

Feruzi akasikia. Alinikuta nikifagia.

"Nasikia unatuondolea utani."

"Naondoa maudhi, Feruzi. Hujaona yanayotendeka?"

"Nimeona. Jumapili Bi Tausi alinitukana sokoni mbele ya watu. Alinitukana mimi na babu yangu." Akasogea karibu. "Na babu yangu, Maalim!"

"Babu wa kubuni, ndugu yangu."

"Matusi yalikuwa ya kweli."

Nikamwambia kwa subira, au niliyodhani ni subira, kwamba mtu hapati ukoo kwa kuchomoa kokwa ya tende, kwamba ukumbi una mkuu wake, na kwamba sura imeshaandikwa. Akanisikiliza yote. Akasema, "Haya, Maalim," akachukua baiskeli yake. Nikaendelea kufagia mahali nilipokwisha kufagia.

Alhamisi haikufika bila jambo. Usiku wa kuamkia Jumatano mkewe Feruzi, Mwanaidi, alifariki kwa homa. Mtaa wote ulimjua Mwanaidi. Naye alikuwa wa hapa hapa kama mumewe, na alikuwa na tabia moja: akipita jikoni kwako ataingia, ataonja kwa ncha ya kidole, na kusema, "Chumvi haijafika." Alisema hivyo hata arusini.

Nilikwenda mapema, pamoja na Kleopa. Nilikuwa nimejiandaa kutafuta vijana wa kuchimba kaburi, kwa kuwa nilijua Feruzi hana wa kumchimbia. Nikaambiwa limekwisha kuchimbwa. Nilimkuta karani wa yule afisa anafuta udongo miguuni, na wenzake wanne, wote Waasalini. Hakuna aliyewatuma.

Feruzi alikuwa amekaa ukutani, hajasema neno tangu alfajiri. Salum alikaa ubavuni mwake, maana naye alikuwa upande wa wafiwa. Maiti ikaoshwa, ikakafiniwa, ikawekwa katika jeneza. Wanaume tukainama pale uani kulinyanyua.

Mlangoni pakawa pamefungwa. Bi Tausi alikuwa ameketi juu ya kizingiti, amejifunga kanga ya Mwanaidi, kinu amekilaza mbele yake, na nyuma yake wanawake wa Asalini wamejaa ukumbi wa nyumba.

"Hatoki mtu!" akasema. "Wachumvini wanatudai siku zote, leo tunawadai sisi. Kibaba cha chumvi kwanza!"

Kisha akainuka, akatembea vile vile Mwanaidi alivyokuwa akitembea, bega moja mbele, akaenda mpaka kwenye sufuria la wali wa msiba lililokuwa uani, akachovya ncha ya kidole, akaonja, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Chumvi haijafika!"

Mtu mmoja akacheka akazuia. Kleopa akanishika mkono. "Maalim, hiki ni nini? Wazuie!" Nilikuwa nimeshasimama. Damu ilikuwa imenipanda: utani wa uwongo, mbele ya maiti wa kweli, na kila mtu akijua mwandishi ni nani. Nikahisi kanzu yangu inavutwa. Alikuwa Maalim Bakari, amekaa mkekani kando yangu.

"Kaa," akaniambia.

"Maalim, maiti anacheleweshwa. Na utani wenyewe nimeutunga mimi."

"Kaa. Dakika hizi nitaulizwa mimi."

Feruzi alikuwa ameinua kichwa. Alimtazama Bi Tausi, na kanga ile, na kidole kile. Akasimama taratibu, akaingia jikoni, tukasikia kifuniko cha chungu. Akatoka na kibaba kimejaa chumvi mpaka inamwagika, chumvi nyeupe ya kazini kwake.

"Mlishindwa kisimani," akasema. Akaanza tena. "Mlishindwa kisimani na nyuki wenu, mpaka leo mnakula wali baridi usio na chumvi. Chukueni! Mke wangu aliwaonea huruma miaka yote, akipita kwenye vyungu vyenu kimoja kimoja!"

"Aliiba mapishi yetu!" akapiga kelele mwanamke mmoja.

"Mapishi gani? Ya kuunguza?" akadakia Salum.

Watu wakacheka, na katika kucheka huko Feruzi akalia, mara ya kwanza tangu alfajiri, kwa sauti, kama anavyotakiwa kulia mtu aliyefiwa na mkewe. Bi Tausi alikuwa analia pia, kibaba mikononi. Akakisogeza kinu kwa mguu. "Pitisheni mtani wangu," akasema.

Tukampitisha. Mpaka makaburini Waasalini hawakunyamaza hata hatua moja, na Feruzi, amebeba mbele, aliwajibu njia nzima.

Tuliporudi, Kleopa alitembea kando yangu mpaka karibu na ukumbi, ndipo akauliza:

"Ile sura umeimaliza?"

"Nimeimaliza."

"Iweke."

"Niiweke wapi?"

"Katika lile kabati lisilofunga."

Akaandika mwenyewe maelezo kwa afisa, na kofia ikarudishwa ikiwa imefuliwa. Ile sura ilisomwa na mchwa, na hakuna msomaji mwingine aliyenipa maoni.

Msidhani hapo nilipumzika. Utani ulikaa, na tabu zake zikakaa. Ilinibidi niweke sheria mnazozijua: vyakula ruhusa, kofia ruhusa kwa siku moja, vyombo vya kazi la. Kioo cha kinyozi ni chombo cha kazi. Nimelisema hili mara nyingi kuliko nilivyosema salamu. Na katika miaka yote iliyofuata, kila mchezaji mpya akiletewa kipande chake cha nchi, swali lake la kwanza ni lile lile la Bi Tausi, kwa mama au kwa baba, nami nilikuwa nikichukua kalamu nyekundu, nikishukuru Mungu kwa mtihani, na kuandika. Nanyi mtaandika. Mkiandika vita, semeni vimeishaje kabla hamjaviacha viende nyumbani na watu.

Arobaini ya Mwanaidi ilipokwisha, nilikuwa nikifungua madirisha ya ukumbi niliposikia Bi Tausi ananiita kwa kelele. "Maalim! Njoo umwondoe mtu wako!"

Nikatoka nimekasirika, kanzu haijafungwa vifungo. Feruzi alikuwa amesimama mbele ya sinia, kitumbua kimoja mdomoni na kimoja mkononi. Alikuwa ametoka kazini hajabadili nguo. Pembeni alikuwapo mgeni aliyetoka Mkange kwa mguu, anasubiri kununua, ameshangaa. Akamwuliza Bi Tausi kwa adabu, mzee huyu ni mtu wa wapi.

Nikajua macho yataangalia pembeni sasa. Bi Tausi hakuangalia pembeni. Alimwelekezea Feruzi kijiko chake cha vitumbua.

"Huyu? Huyu ni mtani wetu. Babu zake waliwakimbia babu zetu na vyungu vichwani. Asingelikuwa wetu si ningelikwisha kumwita polisi?"

Yule mgeni akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri, akanunua vyake, akaenda zake. Hakutaka kujua zaidi. Feruzi alitafuna polepole, ananiangalia mimi.

Nilikuwa nimekuja kugomba. Lakini mgeni alikuwa ameondoka na maneno yangu, na hakuna aliyemwitikisha Pakawa. Nikaona nisafishe hesabu yangu na Mola kwa kadiri ninavyoweza.

"Paukwa," nikasema.

"Pakawa," akaitikia Feruzi, mdomo umejaa.